Ushahidi wa Mizizi ya Vitunguu

Majengo, Thika
14 Oktoba 1996

Kwa mjukuu wangu Hayat,

Kwa jina la Mwenyezi Mungu naishika kalamu, na kwa rehema zake nakusalimu. Sisi tu wazima. Nyanya yako Amida magoti yanamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Jana alimwambia fundi anayeezeka paa la madrasa, "Baba, hiyo misumari unaipiga ama unaibembeleza?" Mbuzi wetu wa Gatuanyaga wamebaki wanne, nyasi huko zimekuwa za kutafutwa kwa macho. Madrasa ina watoto arobaini na mmoja, na mmoja wao ana sauti inayonikumbusha yako ulipokuwa na miaka saba.

Huenda ukauliza kwa nini naandika, ilhali kutoka Thika hadi Ruiru si safari ya kufungia mizigo. Kwanza, Jumapili tatu zimepita na hukuja. Pili, jambo zito huandikwa. Neno la mdomo likishatoka, kila aliyelisikia hulikumbuka kwa namna inayomfaa.

Nimesikia kwamba umekataa kutia sahihi ripoti ya Daktari Bedan Kagwe. Hayat, mtu huyo nilimwendea mimi mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la nje ya ofisi yake tangu saa tatu hadi adhuhuri, mzee wa madrasa kati ya wauza mbolea, nikimwomba akupokee katika maabara yake. Akakupokea. Amekufunza kazi miaka miwili. Barua yake ndiyo itakayokuingiza chuo kikuu mwezi wa Machi, na mlango mwingine mimi na wewe hatuujui.

Mwanafunzi anayemsahihisha mwalimu wake hupoteza adabu, na elimu huifuata adabu mlangoni ikatoka nayo. Mimi nilikaa mbele ya mwalimu wangu miaka tisa. Sikumwambia hata siku moja kwamba amekosea, wala hakuwa malaika.

Tia sahihi, kisha uje Jumapili.

Babu yako,
Salehe bin Irshad


Kiuu, Ruiru
27 Oktoba 1996

Kwa Babu yangu mpendwa,

Shikamoo, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya Nyanya. Mwambie mafuta ya magoti nimeyanunua, na kwamba fundi wa paa namwonea huruma. Mimi ni mzima. Chumba changu hapa Kiuu kina jirani mpya anayeshona viatu na kuimba, na viatu anavijua zaidi. Jumapili siji kwa sababu mizizi haijui Jumapili: hukatwa saa nne asubuhi, wakati seli zake zinagawanyika kwa wingi.

Babu, umesikia kwa nani? Ripoti hiyo twaijua watu watatu tu: Daktari, mwenzangu Ngina, na mimi. Nakuuliza kwa heshima.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Ukiweka kitunguu juu ya glasi ya maji, huota mizizi myeupe. Katika ncha ya kila mzizi, seli hugawanyika, moja ikawa mbili. Lakini seli haigawanyiki ovyo. Kwanza hupanga vitu vyake vya ndani. Kromosomu, zile zilizobeba maagizo ya urithi, hupangwa mstari katikati. Nyuzi nyembamba mno hutoka pande mbili, zikazishika na kuzivuta, nusu huku na nusu kule. Kupanga huko kunahitaji kawi, ile nguvu itokanayo na chakula. Swali la maabara yetu ni moja tu: kawi hiyo hufanya kazi gani hasa?

Miaka sita iliyopita Daktari alisimama katika mkutano wa wataalamu jijini Nairobi akatangaza kwamba kawi ndiyo inayozisimamisha nyuzi. Seli ikinyimwa kawi, nyuzi huanguka. Ametumia dawa inayoinyima seli kawi yake, na dawa hiyo hukaa kwenye friji. Kazi yangu ni kuitia mizizi ndani ya dawa, kuiangalia kwa hadubini, na kuhesabu.

Mwezi wa Agosti stima ilipotea Mugutha, ilipo maabara yetu, siku tatu. Ukaguzi ulikuwa unakaribia, kwa hiyo sikungoja. Friji ilikuwa imekufa na dawa imepata joto la chumba. Niliitumia hivyo hivyo, nikaangalia kwa mwanga wa jua uliorudishwa na kioo. Babu, nyuzi zilikuwa zimesimama! Seli mia mbili nilihesabu. Kromosomu hazikusogea, hakuna kilichovutwa, kila kitu kilikuwa mahali pake kimeganda. Lakini nyuzi zilisimama.

Stima iliporudi, niliiacha chupa mezani ipate joto, nikarudia. Zilisimama. Kisha nikachukua mizizi mingine nikaitia katika maji matupu ya friji, bila dawa hata tone. Nyuzi zikaanguka. Hapo nikafahamu kwamba miaka yote sita kilichokuwa kikiziangusha ni baridi. Kawi haishikilii nyuzi kama nguzo. Kawi ni ya kusogeza: kuvuta, kubomoa uzi upande mmoja na kuujenga upande mwingine, bila kupumzika.

Nilimwambia Daktari faraghani, kwa sauti ya chini. Akajibu, "Siku za stima kupotea hazihesabiwi. Futa." Nikamuuliza, na hizo za siku nyingine? "Futa pia, umechoka macho." Ripoti inasema kwamba mimi, mhesabuji, niliona nyuzi zimeanguka katika kila seli iliyonyimwa kawi. Ngina akaninong'oneza, "Wee Hayat, si utie tu sahihi! Nani atatoka huko Nairobi kuja kuuliza kitunguu?"

Nikamwambia, "Kitunguu hakitaulizwa. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

Sitatia sahihi, Babu.

Mjukuu wako,
Hayat


Majengo, Thika
9 Novemba 1996

Kwa mjukuu wangu Hayat,

Salamu za Mwenyezi Mungu zikufikie ukiwa na afya na ukiwa na subira, maana leo utaihitaji. Paa la madrasa limekamilika na mvua ya kwanza imelijaribu bila kulishinda. Mbuzi mmoja amezaa. Nyanya yako amepokea mafuta na kusema yananuka kama gereji, lakini anayapaka.

Nilimsomea barua yako. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharagwe, kisha akasema, "Na hilo nalo mpaka lisomewe? Watu wakilala njaa nyumba haianguki. Ni kwamba tu hakuna kilichopikwa." Nikamwambia asiingilie mambo ya wataalamu. Akasema, "Haya, Maalim," kwa ile sauti yake.

Hayat, nakukumbusha yale niliyokufundisha. Habari haipimwi kwa uzuri wake, hupimwa kwa wapokezi wake. Huulizwa: huyu aliyeileta ni nani, umri wake, kumbukumbu yake, na ni nani mwingine aliyeshuhudia pamoja naye? Wewe ni shahidi mmoja, kijana, uliyetazama kwa mwanga wa kioo. Yeye ana miaka sita na sifa mbele ya watu. Siku ya kupima, nani ataelemea?

Tena Daktari si mtu wa hasira. Ni mpole, ana maneno ya heshima, hata chai yetu aliisifu. Hakuombi udhulumu mtu. Anakuomba sahihi tu, na Mungu anajua kilichomo moyoni mwako unapoiandika.

Usiniulize tena nimesikia kwa nani. Mzee husikia. Tia sahihi, mwanangu, uende chuoni. Ukweli wako utausema siku utakapokuwa na cheo cha kusikilizwa.

Babu yako,
Salehe bin Irshad


Kiuu, Ruiru
15 Desemba 1996

Kwa Babu,

Shikamoo. Nawatakia heri wewe na Nyanya. Nimefurahi kusikia ya mbuzi.

Barua yako ya tarehe tisa Novemba nimeipata juzi. Ilifika katika sanduku la posta la maabara, na siku hizi barua zangu hulala ofisini kwa Daktari mpaka mtu akumbuke kunipa. Tafadhali andika kwa sanduku la kina Ngina; nimekuandikia nambari nyuma ya bahasha. Tangu katikati ya Novemba sigusi hadubini. Naosha chupa. Ninaziosha vizuri.

Aliisifu chai yenu lini, Babu?

Sikujua kwamba Daktari amewahi kukanyaga Majengo. Hukuniambia, na mimi sikukujua kuwa mtu wa kuficha mgeni. Sikasiriki, ila nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara naona kwamba aliyeiandika si yule aliyenichapa kiganja nilipokuwa na miaka tisa, kwa kusema nimesoma sura nzima ilhali niliruka aya mbili. Siku ile ulisema, "Kutojua kunatibika, kudai umejua hakutibiki." Ulisema hivyo mbele ya darasa zima, na nililia mpaka nikapata kwikwi.

Kuhusu shahidi mmoja, umesema kweli na nimekubali. Nitamtafuta wa pili.

Daktari amenipa mpaka mwisho wa Januari. Baada ya hapo atatafuta mhesabuji mwingine, na barua ya chuo haitaandikwa. Nimemwambia nimesikia.

Na wewe nakuomba kitu kimoja, kisha sitakusumbua. Je, umewahi kusimama mahali ukaambiwa useme umeona kitu ambacho hukukiona? Na ulisema nini? Nijibu hilo, Babu, au usinijibu kabisa. Hata Idi sitakuja kabla sijapata jibu.

Hayat


Majengo, Thika
3 Januari 1997

Kwa mjukuu wangu Hayat,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kuulizwa swali hili na mtoto niliyemlea. Nyanya yako anakusalimu. Wa nyumbani wote ni wazima. Ramadhani imebaki wiki moja.

Naanza na chai. Daktari Kagwe alikuja mwanzoni mwa Oktoba. Alikuja na gari dogo la mizigo, na ndani yake mabati mapya ya kutosha paa la madrasa. Alisema ni sadaka ya jirani Mkristo kwa watoto wa mwalimu anayemheshimu. Akanywa chai. Alipokuwa akiinuka, ndipo akasema, "Maalim, mwambie mtoto asinivunjie jina." Hakusema zaidi, wala hakuhitaji. Barua ya kwanza nilianza kuiandika usiku huo, na ilinichukua siku kadhaa kuimaliza.

Sasa la pili. Mwaka wa 1961, mwezi wa Machi, ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Watu wa Majengo walikuwa wamechinja, na wageni wamefika tangu mchana. Tulipanda kwenye kilima cha machimbo ya mawe kuutafuta mwezi. Mbingu ilikuwa imefungwa mawingu ya masika kutoka pembe hadi pembe. Mzee mmoja akasema ameuona. Nawe wajua kwamba kufungulia Idi kunahitaji mashahidi wawili. Mwalimu wangu akanigeukia. Nilikuwa na miaka thelathini, macho yangu yalikuwa yakisifiwa mji mzima. Akasema, "Salehe, wewe umeuona, sivyo?"

Niliona wingu, Hayat. Nikasema, "Nimeuona."

Kesho yake walifungua. Watoto walivaa nguo mpya. Siku hiyo watu wa Mombasa walikuwa bado wamefunga. Jioni yake mawingu yakapasuka, na mwezi ukatoka mwembamba kama wa usiku wa kwanza. Kila mwenye macho aliujua. Hakuna aliyeniuliza. Mwalimu wangu alinishika bega tu. Mimi siku ile nimeilipa kwa kufunga, tena na tena, kila mwaka, mpaka Nyanya yako akadhani ni nadhiri. Lakini walikula mji mzima, na saumu zao siwezi kuwafungia. Wengine wamekwisha kufa nayo.

Nilikuambia kwamba sikuwahi kumwambia mwalimu wangu amekosea, nikaita jambo hilo adabu. Lilikuwa woga, nami nimelivalisha kanzu miaka thelathini na sita.

Jana nimemwita fundi. Nimemwambia ang'oe mabati yote, ayapige msasa palipo na kutu, ayapange, ayarudishe Ruiru. Alidhani nimepatwa na homa. Nyanya yako alitoka na fimbo yake akasimama chini ya ngazi akisema, "Ng'oa, baba, na leo hiyo misumari usiibembeleze." Watoto wanasoma chini ya turubai. Jua linawachoma kidogo, na wanafurahi kwa sababu wanaona ndege.

Sikuagizi utie sahihi. Sikuagizi ukatae pia. Hilo ulilifanya bila mimi.

Babu yako,
Salehe


Kiuu, Ruiru
26 Januari 1997

Kwa Babu yangu,

Shikamoo, na Mwenyezi Mungu aikubali saumu yako. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama posta, kisha nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Sitasema mengi juu yake. Nilimwonyesha Ngina ile sehemu ya mabati, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Huyo mzee wako ni moto. Haya, nionyeshe hizo nyuzi zako."

Jumamosi mbili tumefanya kazi, yeye akiwa na ufunguo wa maabara kwa zamu yake ya kumwagilia miche. Barafu tulinunua kwa mama anayeuza samaki karibu na stendi. Ilikuwa inanuka samaki, kwa hiyo tuliizungushia nje ya bakuli tu. Tulitenga mabakuli manne. La kwanza lilikuwa na maji ya joto la chumba, la pili maji baridi, la tatu dawa isiyopozwa, la nne dawa iliyopozwa. Mimi niliyatia mizizi na kuyapa alama za siri. Ngina ndiye aliyehesabu, bila kujua lipi ni lipi, na mimi nikiwa nje mlangoni ili asinisome uso. Alikuwa akipaza sauti, "Hii zimesimama! Hii zimesimama lakini hakuna kitu inasonga, ni kama watu wa ofisi ya serikali saa saba! Hii zimeanguka, maskini!"

Tulipofungua alama, yote yalilingana na yale niliyoyaona Agosti. Zilizowekwa baridini zilianguka, zikiwa na dawa au bila dawa. Zilizonyimwa kawi lakini zikaachiwa joto lake, zilisimama, zimeganda. Ngina akaandika kwa mkono wake: *Nimehesabu mimi, Ngina.* Nikamwambia, "Utafukuzwa." Akasema, "Wacha wanifukuze nikiwa nimeona."

Ijumaa tulimpelekea Daktari. Alizisoma kurasa zote, Babu, na najua alizielewa, kwa sababu alirudi mara mbili kwenye bakuli la pili. Kisha akavuta droo.

"Barua yako ya chuo iko hapa. Nimeiandika tangu Septemba. Imebaki tarehe tu."

"Basi ibaki hapo, Daktari."

"Unataka kunifanya mwongo mbele ya watu wazima?"

"La. Friji ndiyo iliyokudanganya, na ingemdanganya yeyote. Lakini leo umesoma. Ukiandika vile vile baada ya leo, sitajua nikuite nani."

Akaniambia nirudishe koti la maabara. Nililivua, nikalikunja, nikaliweka mezani kwake. Ngina amebakizwa kazini, ila ameshushwa: sasa yeye ndiye anayeosha chupa. Anasema nilimwachia zikiwa safi.

Nimetuma maombi chuoni mwenyewe, na hesabu yetu ndani yake, na sahihi mbili. Fomu ina ukurasa mmoja unaodai barua ya mkuu wa kazi. Ukurasa huo nimeuacha wazi. Najua maana yake. Walio na barua ni wengi.

Sijutii. Nasema hivyo nikiwa na njaa ya saumu na bila kazi, kwa hiyo uniamini.

Mjukuu wako,
Hayat


Majengo, Thika
1 Februari 1997

Kwa mjukuu wangu Hayat,

Mwenyezi Mungu akuzidishie, na aizidishie familia ya Ngina ambayo siijui.

Jana baada ya sala ya Ijumaa niliomba nafasi, nikasimama, nikawaeleza watu habari ya mwaka wa 1961. Nikawaambia kwamba kila aliyefungua siku ile kwa neno langu anadaiwa siku moja, na kwamba mimi ndiye niliyemtia katika deni hilo. Katibu wa kamati ya msikiti alikuwa amenishika kanzu asubuhi akisema, "Maalim, hayo yamekwisha oza, utayafukua kwa faida ya nani?" Nikamwambia aachie kanzu.

Kisha mzee Waleed, ambaye siku ile alikuwa mtoto wa nguo mpya, akasema, "Tumeswali nyuma yako miaka yote hii." Kamati imekaa. Sitahesabiwa tena miongoni mwa mashahidi wa mwezi, na darasa langu amepewa kijana aliyesoma Lamu mpaka watakapoamua. Ni haki yao. Nyanya yako aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri. Kula daku."

Kuhusu ule ukurasa ulioachwa wazi: nimeujaza. Nakala hii ni yako. Asili imekwenda posta leo asubuhi kwa rejista, kwa hiyo usijisumbue kunizuia.

*Kwa Msajili wa Chuo Kikuu,*

*Mheshimiwa,*

*Mimi si mkuu wa kazi wa Bi Hayat, wala sijui habari za seli. Mkuu wake wa kazi anayo barua yake katika droo na hataituma, kwa sababu msichana huyu alikataa kuandika kwamba ameona asichokiona. Hesabu yake mnayo. Vitunguu vinapatikana kila soko na barafu pia, rudieni wenyewe.*

*Mtauliza mimi ni nani hata nimshuhudie. Nimefundisha miaka arobaini, na tangu jana sifundishi. Niliwahi kutoa ushahidi wa uongo mbele ya mji mzima, kwa kumheshimu mkubwa wangu, na mji ukanifuata. Kwa hiyo najua barabara jinsi shahidi wa uongo anavyoanza: huanza kwa kuwa mtoto mwenye adabu. Huyu nilimlea mimi, nikamwagiza mara mbili kwa maandishi atie sahihi, naye akanikatalia mara mbili. Sina sifa nyingine ya kumpa, wala sijui iliyo kubwa kuliko hiyo.*

*Salehe bin Irshad, Majengo, Thika.*